Klabu ya Jumanne Usiku

Mwaka wa mahindi ya njano, mwanangu, ndio mwaka nilioingia klabu ya milima. Nautaja hivyo kwa sababu watu wa rika langu wakisikia mahindi ya njano hawangoji kuambiwa tarehe. Ni 1984. Mvua ya masika ilikataa kunyesha, mashamba ya bara yakakauka, na pale Kilindini meli zikateremsha mahindi ya Marekani ambayo ugali wake ulinuka ghala na kumkwama mtu kooni. Watu waliyapangia foleni huku wakiyanung'unikia. Mimi nilikuwa kijana wa Mombasa niliyehamia Nairobi kutafuta riziki, karani wa stoo katika karakana ya ndege ndogo pale uwanja wa Wilson, na chumba changu kilikuwa Kibera, upande wa Makina, kwa bibi mmoja wa Kinubi. Kodi ilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Ndani ya bei hiyo zilihesabiwa na gurusa za Jumapili asubuhi, maana bibi yule hakuweza kutia tonge kinywani huku mpangaji wake anakaa na njaa chumba cha pili.

Kutoka Makina hadi Wilson nilikwenda kwa miguu, nikaweka akiba nauli ya basi. Nililijua eneo lile kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Alfajiri lilinuka petroli ya ndege. Jua likipanda, pikapu za Meru ziliingia mbio zimejaa miraa iliyofungwa majani ya mgomba, mabichi yenye umande, ikapakiwa kwenye ndege za Wajir na Mandera kabla haijanyauka. Jioni upepo uligeuka ukatoka Mbuga ya Nairobi, ukatuletea harufu ya nyasi kavu na wanyama, na mwaka ule wa ukame ukaleta na vumbi jingi. Siku za Jumanne nilichelewa kutoka kazini kwa sababu ya kuhesabu vipuri, na kila nilipofunga stoo, mnamo saa mbili usiku, niliona taa zinawaka katika jengo dogo jirani na magari yameegeshwa ovyo mbele yake. Nje watu walikuwa wakinyoosha kamba ndefu, wakizipitisha viganjani taratibu, shubiri kwa shubiri, huku wanazungumza. Nchi ilikuwa ingali na hofu ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na mtu mwenye busara hakusogelea kikao cha usiku asichokijua, sembuse karibu na ndege. Nilipita hivyo majuma mengi. Halafu Jumanne moja nikaukaribia mlango.

Aliyekuwa mlangoni ni mama mmoja Mwingereza wa makamo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mikono imekomaa kwa kazi. Hakuniuliza mimi ni nani wala natafuta nini. Alinitazama miguu, akasema, "Unavaa kiatu namba ngapi?" Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani ambacho sisi wa pwani hatukukipenda, kila neno amri, lakini macho yake hayakuwa ya kuamuru. Nikamwambia namba tisa. Akaingia stoo akatoka na jozi ya buti nzito za ngozi, kuukuu, zimepakwa mafuta zikang'aa, akanipa mkononi na kuniambia nizivae nyumbani jioni zote za juma lile, miguu izizoee, kwani Jumapili kuna safari ya Longonot na gari lina nafasi moja. Bado sijalipa hata senti. Bado hata jina langu hajalijua. Hivyo ndivyo nilivyoingia Mountain Club of Kenya, klabu iliyoanzishwa 1949 na kukulia katika mikono ya Wazungu, na ambayo kufikia wakati wangu ilikuwa na sura mchanganyiko zaidi: Mhindi wa Parklands mwenye duka la vipuri, mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyevaa sweta moja siku zote, walimu wawili Waholanzi, fundi wa magari kutoka Kiambu mwenye kucha zilizoingia grisi isiyotoka, na sasa mimi, Mswahili wa Mji wa Kale ambaye kilima kirefu alichowahi kupanda ni kile cha Mazeras.

Nikupe namna mambo yalivyoendeshwa, maana hilo ndilo lililonifunga pale kuliko milima yenyewe. Hakuna aliyelipwa. Mweka hazina alikuwa mhasibu wa mchana, na usiku alihesabu shilingi zetu bure. Ukutani palikuwa na ubao, na juu ya ubao karatasi, kila karatasi safari moja: jina la kiongozi, mahali, siku, wangapi wanatakiwa, magari mangapi. Ukiandika jina lako umejifunga. Gharama ya petroli iligawanywa kwa vichwa vilivyokaa garini, mwenye gari naye akihesabiwa kichwa. Chakula kilinunuliwa kwa mfuko mmoja, na risiti zikabandikwa ubaoni ili mwenye shaka azisome. Hema, kamba na mashoka ya barafu vilikuwa mali ya wote, vikiazimwa kwa ada ndogo iliyorudi kununua vingine. Kiongozi wa safari hakuwa bosi. Ni mtu aliyejitolea kuamka kabla ya wengine, kujua njia, kupika chai ya kwanza, na kuwa wa mwisho kuondoka kambini. Nilikuwa nimelelewa na vyama, mwanangu. Mombasa tulikuwa na vyama vya maulidi, vya mpira, vya kuzikana, vya lelemama za kina mama, na nilijua chama hufa siku ile wote wanapotaka kukaa viti vya mbele. Pale Wilson nilikuta watu wanaogombea kuosha masufuria.

Jumapili ile tulitoka na Kombi ya yule Mhindi, alfajiri, baridi ya Limuru ikiingia kwenye nyufa za milango. Nilikuwa nimejifunga kikoi shingoni na mfukoni nina mahamri niliyoyakaanga usiku kwa jiko la bibi wa Kinubi, na mbaazi za nazi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Tuliteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani, ile waliyoichimba wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili, tukapita kanisa lao dogo walilolijenga kando ya njia mwaka 1942, dogo kiasi kwamba waumini wachache tu wanalijaza. Longonot ilikuwa imetangazwa hifadhi mwaka mmoja nyuma. Tulianza kupanda jua halijawa kali. Vumbi la mlima ule ni laini, la kijivu, linapanda hadi magotini, na kandokando pamejaa vichaka vya leleshwa ambavyo ukiyafikicha majani yake mkononi yananuka kafuri; nikakumbuka sanda na sanduku la mamangu la nguo za Idi kwa wakati mmoja. Tulipofika ukingoni nikatazama ndani ya kreta. Nilikuwa nikitarajia shimo la majivu. Nikakuta msitu, miti ya kijani imetulia chini kabisa, imezungukwa na kuta pande zote, na mvuke mwembamba unatoka kwenye mwamba. Nilikaa chini. Hakuna aliyeniharakisha. Tulizunguka ukingo wote tukapita kilele, mita 2,776, na kule juu vyakula vikafunguliwa. Wale walimu Waholanzi walikuwa na mkate na jibini, mwanafunzi alikuwa na viazi vya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi. Mahamri yangu yakazunguka, mbaazi zikafuata, na yule mama Mwingereza akafuta mkebe kwa kipande cha mwisho, akaniambia nimeajiriwa upishi.

Tuliporudi chini, magari hayakuondoka mara moja. Fundi wa Kiambu, aliyekuwa kiongozi siku hiyo, alisimama kwenye kivuli cha Kombi akahesabu watu kwa kidole, akahesabu tena. Kisha akatoa sufuria na kunikabidhi pamoja na konzi ya mchanga. Nikazisugua kando ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu, mtoto wa mwenye duka akizifuta, na hapo ndipo tulipojuana majina. Urafiki mwingi nilionao hadi leo ulianzia kwenye masizi.

Klabu ilikuwa na maktaba ya vitabu vya milima, vingi vikiwa na madoa ya chai. Mimi sikuwa na televisheni wala mke, na zile Jumanne nilifika mapema nikasoma hadi wengine wakusanyike. Huko nilisoma habari za Felice Benuzzi, Mwitaliano mfungwa wa vita kambini Nanyuki, ambaye mwaka 1943 alitoroka na wenzake wawili, si kwa kutafuta uhuru bali kwa kuupanda Mlima Kenya, aliokuwa akiutazama kila siku nyuma ya waya. Walishona nguo za mablanketi, wakafua vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na vyuma chakavu, wawili wao wakafika kilele cha Lenana wakasimika bendera yao, halafu wote wakajirudisha wenyewe kambini. Nilisoma habari za Eric Shipton na Wyn Harris, walioupanda mlima huohuo mwaka 1929. Na jioni moja nikafungua habari za Halford Mackinder, yule mwanajiografia aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Batian, tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na viongozi wake wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Nilijua jina lake. Kambi ya bonde la Teleki inaitwa kwa jina hilo. Nisilolijua ni msafara wake. Wazungu sita. Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Wakikuyu 96. Na Waswahili 66.

Nilirudia mstari ule. Waswahili 66! Mimi niliyedhani ni wa kwanza wa ukoo wa kikoi kuifikiria baridi ile, kumbe miaka 85 nyuma yangu watu wa pwani walikuwa wamepanda na mizigo vichwani, mwaka wa njaa kubwa katika nchi ya Kikuyu, ndui ikitembea vijijini, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika Nairobi. Wawili wa msafara waliuawa njiani. Nilitafuta majina ya wale 66, kurasa hadi kurasa, nikakuta ya Wazungu sita yote, na hata ya vilele, kwani Batian, Nelion na Lenana ni majina ya maloiboni wa Kimaasai na ukoo wao. Ya wapagazi sikuyaona. Huenda mmoja alikuwa wa Kibokoni, mtaa wetu. Huenda nilisoma chuoni na mjukuu wake. Niliporudi Makina usiku ule nilimweleza bibi wa Kinubi, naye, ambaye baba yake aliletwa nchi hii akiwa askari wa Mwingereza, akasema, "Waandika vitabu hawaandiki wanaobeba." Akaendelea kuchambua mchele.

Lakini si wote waliopanda mlima ule waliowasahau wenzao, na nataka niseme haki. Kuna kisa ambacho wazee wa klabu walikisimulia kwa sauti ya chini, na mmoja wao alikuwamo. Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu kabisa na kilele cha Batian, akavunjika mguu mfupa ukatoka nje. Mwenzake Oswald Oelz alimfunga jeraha, akateremka kuita msaada. Wanaklabu wa Nairobi, watu wenye kazi zao za ofisini, wakaacha meza wakapanda. Walimkalia juu kule kwenye mwamba wa zaidi ya mita 5,000, usiku baada ya usiku, wakihangaika kumshusha, hadi wataalamu wa uokoaji kutoka Innsbruck walipowasili kwa ndege. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka akipeleka msaada. Judmaier alipona. Nchi yake ikatoa shukrani kwa kujenga kibanda kikubwa kando ya barafu ya Lewis, na ukifika pale leo ukalala bila kuganda, ujue unalalia shukrani hiyo. Mwaka huohuo wa 1970 mwanaklabu Ian Howell alijenga kibanda kidogo cha bati juu ya Nelion, mita 5,188, vipande vikiwa vimedondoshwa barafuni kutoka angani, naye akavipandisha mgongoni peke yake kwa safari 13. Hakulipwa. Alikijenga ili mgeni asiyemjua, aliyekutwa na dhoruba, apate pa kujificha.

Mlima Kenya wenyewe niliupanda mara ya kwanza mwezi wa Februari, kiangazi. Fundi wa Kiambu ndiye aliyekuwa kiongozi. Tulifika Naro Moru jioni, tukanunua kabichi kwa shilingi mbili kichwa, vitunguu, na mafuta ya taa ya stovu, na tukachukua wapagazi wawili, mmoja kijana, wa pili mzee mwembamba aliyevaa akala za tairi na koti la jeshi lisilo na vifungo. Aliposikia natoka Mombasa alinitazama muda. "Watu wako walipita huku zamani," akasema. "Babu yangu aliwauzia maharage. Alisema wanasali wakiangalia kaskazini." Nikamweleza kwamba kaskazini ndiko kibla kilipo kwa mtu aliyesimama Kenya, akafurahi, maana jambo hilo lilikuwa likimsumbua tangu utoto. Yeye, akisali, aliangalia kilele.

Gari lilitufikisha kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, na hapo ndipo hatari ya mlima ule ilipo. Kwingineko mtu hupanda kwa siku nyingi na damu yake hupata muda wa kuzoea hewa nyepesi. Hapa asubuhi uko Nairobi, jioni umelala juu ya mawingu, na kesho yake uko bonde la Teleki, mita 4,200. Kati yake kuna kile kinamasi kikali, matope meusi yamesimama ubavuni mwa mlima, unapiga hatua mbele unarudi nusu. Kisha mianzi na miti mirefu imeachwa nyuma, na unaingia nchi nisiyoweza kuifananisha na chochote: senesio za shina nene zilizozidi kimo cha mtu, lobelia zenye manyoya, pimbi wanakuja kukuibia mkate bila woga, na mbele yako vile vilele vyeusi na barafu kati yao. Baridi niliyoisikia usiku ule sikuwahi kuisikia. Maji ya kutawadha yaliganda ndani ya kopo nikatayamamu kwa jiwe.

Saa tano usiku mwanafunzi wa Chuo Kikuu alianza kukohoa. Fundi aliamka, akamwekea sikio mgongoni, akaniita nami nisikilize. Pumzi zake zilitoa mlio wa maji ya buruma. Midomo imegeuka rangi. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa tisa kwenda Lenana, na kundini walikuwamo wageni wawili waliotoka mbali na ambao wasingepata likizo nyingine mwaka ule. Fundi hakupiga kura. "Mapafu yanajaa maji," akasema. "Dawa yake ni kushuka, na ni sasa. Sote." Yule mzee wa akala alikuwa ameshavaa koti. Tuliteremka bonde kwa kurunzi, na tulipofika kinamasini, ambapo hakuna mtu mzima anayeweza kumshika mwenzake bega kwa bega, mzee alimbeba mgonjwa mgongoni kwa kamba ya mizigo iliyopita kipajini, namna wanawake wa kwao wanavyobeba kuni, akashuka naye matope yale gizani, polepole, akihema, bila kuteleza hata mara moja. Tulibadilishana tochi tu. Jua lilipochomoza tulikuwa kituoni, na mwanafunzi anaomba chai. Sturungi ile, ya moshi, ilikuwa na sukari nyingi kuliko majani, na sijaonja tena chai ya namna hiyo. Wageni wale wawili hawakulalamika. Mmoja alimvua mzee akala akamvisha soksi zake za sufi.

Jumanne iliyofuata fundi aliandika ripoti ya safari kwenye daftari, kama desturi. Nilimsomea begani. Yaliandikwa majina yetu, saa za kuondoka na kufika, hali ya mgonjwa, na kwamba alibebwa na mpagazi. Nikamwomba kalamu. Akanitazama, akaelewa, akanipa, nikaandika jina la mzee na la baba yake. Tangu siku hiyo fundi mwenyewe aliyaandika, na viongozi wengine waliofuata baadhi yao wakaiga.

Nilikuja kukabidhiwa stoo ya klabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Kila kamba ilikuwa na daftari lake: ilinunuliwa lini, imetumika wapi, imemdaka nani alipoanguka na kwa kimo gani. Kamba ikitimiza umri wake, au ikidaka anguko kubwa, haikurudi rafuni hata ikiwa inang'aa. Niliikata vipande mbele ya mashahidi ili asitokee mtu wa kuihurumia na kuitumia. Vile vipande vilianika nguo za nusu ya Makina. Jumapili tulikwenda Lukenya, majabali ya njia ya Athi River, kufundisha wapya kufunga fundo na kumshikia mwenzako kamba, na siku nyingine Hell's Gate, Ngong, Ol Donyo Sabuk, au nyika za juu za Aberdare ambako ukungu unaficha nyati. Mwaka 1986, siku zile za msako wa kundi la siri la upinzani, Mwakenya, askari kwenye kizuizi kimoja walitushusha garini kwa sababu ya ramani na kamba. Watu wa rangi nne, ramani ya mlima, mita 200 za kamba, na hatuna biashara yoyote ya kueleza! Picha ya Rais Moi ilikuwa ukutani mwa kibanda chao, na mkuu wao alituuliza mara tatu nani anatulipa. Kumwambia kwamba halipwi mtu ndiko kulikomtia shaka zaidi. Mama Mwingereza alimwomba atazame viatu vyetu. Alivitazama, akaturuhusu tuende.

Lenana nilifika baadaye, mita 4,985, na mzee yuleyule, na soksi zilezile. Palipambazuka bila wingu, na kusini kabisa, mbali mno, tuliona Kilimanjaro, doa jeupe juu ya ukungu. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alikuwa amepandisha bendera ya nchi juu ya mlima huu, na mzee aliikumbuka mioto yake ya kuashiria, akaniambia jinsi watu walivyosimama nje ya nyumba zao wakitazama juu. Mimi niliwasomea Fatiha wale 66 wasiojulikana. Mzee alivua kofia mpaka nilipomaliza.

Mambo yamebadilika, na mengi yamekuwa ya heri. Mwisho wa juma vijana wa Nairobi hujaza mabasi kwenda milimani, wasichana kwa wavulana, wengi wao weusi kama mimi, na hakuna tena mtu wa kuuliza Mwafrika anatafuta nini juu ya barafu. Barafu yenyewe ndiyo inayokwisha. Lewis niliyoikanyaga kwa vyuma miguuni imebaki sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa, na atakayezaliwa leo huenda asiikute. Lakini wengi wa vijana hao hulipa kampuni, hukuta hema limesimama na chakula kimepakuliwa, hushuka na picha. Sina ugomvi nao. Mwenye haraka na alipe. Wewe nisingependa ufanye hivyo. Tafuta chama kinachoendeshwa na watu wasiolipwa, uende mapema kabla kikao hakijaanza, uulize kazi gani haijapata mtu. Sugua sufuria, jifunze kamba, kubali kushuka kiongozi akisema shukeni. Na ikifika zamu yako ya kuandika ripoti, muulize kila aliyebeba mzigo jina lake na jina la baba yake, uyaandike yote mawili.